Je, Mkimbiaji Asamehewe Kazi?

Katika toleo lililopita la gazeti letu, mwenzetu wa kidato cha nne aliandika kwamba wanafunzi wanaokimbia mbio ndefu yafaa wasamehewe kazi za mikono, shuleni na nyumbani pia, ili nguvu zao zote ziende katika mbio. Alilitaja jina la Joshua Cheptegei, mwana wa Kapchorwa yetu, akauliza kama bingwa wa dunia huchota maji. Wengi walimpigia makofi, na wakimbiaji wenzangu walifurahi zaidi, maana hakuna asiyependa kusamehewa jembe. Mimi nakimbia mita 5,000 katika timu ya shule, tena ni mwanafunzi wa kutwa. Naomba nafasi nimpinge mwenzetu kwa heshima. Wala simpingi katika yote, kwa kuwa kuna jambo moja aliloligusa ambalo ni kweli.

Nianze na yaliyonipata mimi mwenyewe mwaka 2024.

Kwetu ni kilomita 4 kutoka shuleni, na njia hupanda na kushuka, kama ajuavyo kila mtu wa miteremko ya Mlima Elgon. Huamka saa kumi na moja alfajiri. Kabla ya kuvaa sare huteremka chemchemini mara mbili na jerikani la lita 20. Maji hayo, kama tulivyofundishwa darasani, yana uzito wa kilo 20, ijapokuwa ukifika kwenye kona ya mwisho chini ya migomba hesabu hiyo huiamini kwa shida. Kisha chai, kisha safari. Aghalabu njia hiyo niliikimbia, si kwa kupenda mazoezi bali kwa kuogopa kengele. Jioni, baada ya masomo, timu ilikimbia kilomita 8, siku 4 za juma, na Jumamosi kilomita 14 barabarani. Halafu nyumbani kwa miguu, posho na maharagwe, na kusoma kwa taa ya sola mpaka macho yakatae.

Katika daftari la mwalimu wa michezo, juma langu lilikuwa la kilomita 46. Katika miguu yangu lilikuwa la kilomita 86, maana kwenda na kurudi shuleni siku 5 ni kilomita 40, na hizo hakuna aliyeziandika. Mwalimu hakuuliza, wala mimi sikusema. Niliyekuwa nikikimbia naye sambamba alikuwa mwanafunzi wa bweni. Yeye mazoezi yakiisha huenda zake kuoga.

Mwezi wa Februari, barabara ikiwa kavu na ngumu, nilianza kusikia maumivu mbele ya mguu wa kushoto, katika mfupa wa ugoko. Mwanzo yalikuwa madogo: yalinijia nikianza kukimbia, nikipata joto yakaondoka. Baada ya juma moja yakawa hayaondoki. Baada ya majuma mawili, nikiubonyeza mfupa kwa kidole mahali pamoja, niliruka. Lakini mashindano ya shule za wilaya yalikuwa karibu, nafasi za mita 5,000 zilikuwa 2 tu, na nyuma yangu alikuwapo mtoto mmoja wa kidato cha kwanza ambaye kila jioni nilizidi kusikia pumzi zake. Basi nikanyamaza. Nikafunga kitambaa chini ya soksi. Tena nikajisifu moyoni, kwa kuwa katika shule yetu tuna desturi ya kumsifu yule akimbiaye akiwa mgonjwa. Husimuliwa habari zake mpaka mwisho wa muhula, na hakuna asimuliaye habari za aliyepumzika siku tatu akapona.

Jumamosi moja, katika kilomita ya tisa, mguu ulikataa kukanyaga. Nilirudishwa kwa bodaboda, na nauli aliilipa mama kwa fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya sabuni na chumvi. Katika zahanati tuliambiwa kwamba mfupa wa kijana anayekua, ukipigwa kila siku bila kupumzika, huweza kuingia ufa mwembamba, na wangu ulikuwa umefika karibu na hapo. Nisikimbie majuma 6, wala nisibebe mzigo. Siku ya mashindano nilikaa kwenye nyasi nikishika masweta ya wenzangu. Mtoto yule wa kidato cha kwanza alikuwa wa nne, na alikimbia vizuri, lazima niseme.

Hapa mwenzetu atadakia: "Waona? Kama ungalisamehewa maji yale, usingaliumia!" Lakini asikilize yaliyofuata. Maji yale hayakukoma kutakiwa nyumbani kwa sababu mimi naumwa. Aliyeyachota ni mdogo wangu wa kike, aliyekuwa darasa la sita wakati huo. Yeye hawezi lita 20, kwa hiyo alitumia jerikani dogo la lita 10, na safari zangu 2 zikawa safari zake 4. Kila alipofika shuleni kwao somo la kwanza lilikuwa limekwisha, nalo lilikuwa hesabu. Asubuhi moja nilimkuta ameketi juu ya jerikani tupu mlangoni, daftari liko magotini, anajaribu kumaliza hesabu za jana kabla ya kuteremka tena. Hakuninung'unikia hata neno moja. Mama ndiye aliyesema. Alisema, "Mwanangu, ungaliniambia siku ile ya kwanza, ingalikuwa siku tatu. Sasa ni majuma sita, tena si yako peke yako." Sikuwa na la kumjibu, nikaendelea kumenya viazi, kazi niliyoweza kuifanya nimekaa.

Ndipo nilipoanza kulitazama vizuri neno hili "kusamehewa". Kazi ya nyumbani haipotei mmoja akisamehewa; humwendea mwingine, na huku kwetu aghalabu humwendea msichana. Mwenzetu amemtaja Cheptegei. Mimi namtaja Peruth Chemutai, aliyeshinda mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, akawa mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki. Ni wasichana wangapi wenye mapafu ya namna ile ambao sasa hivi wako chemchemini, wakichota maji ya kaka zao wanaofanya mazoezi? Kuhusu swali lake la bingwa, bingwa ni mtu mzima ambaye mbio ndizo kazi yake, na ndizo zinazomlisha. Sisi mbio hazitulishi. Atulishaye ni mama.

Sasa nije kwenye lile lililo kweli. Mwenzetu amesema kwamba mwili hauwezi yote, na hapo nakubaliana naye. Tarehe 26 Machi 2017, uwanjani Kololo, Kampala, katika mashindano ya dunia ya mbio za nyika, huyo huyo Cheptegei aliongoza mbele ya watu wa nchi yake, akawaacha wote, na katika mzunguko wa mwisho nguvu zikamwishia, akamaliza wa 30. Mwaka 2019, huko Aarhus nchini Denmark, alizishinda mbio zizo hizo. Tena tarehe 2 Agosti 2024, huko Paris, alishinda mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 43.14, rekodi ya Olimpiki. Lakini mita 5,000 za Paris zilikimbiwa bila yeye, ijapokuwa dhahabu ya Tokyo ya mbio hizo ilikuwa yake. Tulipolizungumza jambo hili darasani hakuna aliyemwita mvivu. Mbona sisi kwa sisi tunaitana hivyo kwa siku moja ya kupumzika?

Nilitakalo mimi si msamaha, ni hesabu ya haki. Daftari la mwalimu wa michezo liandike kila kitu kilichofanywa na miguu, pamoja na njia ya shule na maji ya asubuhi, na miezi ya kuchuma kahawa mazoezi yapunguzwe kwa wale wanaochuma. Kila Jumatatu kila mkimbiaji aandike mahali panapomuuma, wala asipoteze nafasi yake kwa kuandika. Wako watakaosema kwamba wavivu watapata pa kujificha. Watapata, sikatai, lakini mvivu tunamjua hata bila daftari, na mimi niliyeficha ugoko nilikuwa na bidii kuliko wote.

Nilimweleza mwalimu mambo haya muhula uliopita, nikiogopa kidogo. Alinisikiliza, akaniuliza kilomita za kwetu mara mbili, kisha akafuta Jumanne yangu. Siku hiyo sasa njia ya shule ndiyo mazoezi yangu, nayo huikimbia polepole, kiasi cha kuweza kuzungumza. Kwa wenzangu bado hakuna lililobadilishwa, na ndiyo sababu nimeandika. Nyumbani tumeafikiana kwamba Jumamosi maji nayachota jioni badala ya alfajiri, na mdogo wangu haendi chemchemini siku za shule. Amekwisha kuwafikia wenzake katika hesabu, isipokuwa sehemu, na sehemu hata mimi zilinisumbua.

Jumatatu hii ugoko wangu ni mzima. Kidole kidogo cha mguu wa kulia kina lengelenge kwa ajili ya raba mpya, nami nimeliandika.