Picha Nayo ni Matini: Funzo la Sungura wa Kilaka

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Funzo hilo ndilo kiini cha The Amazing Tree, kitabu cha picha cha msanii Mtanzania John Kilaka kilichotoka nchini Uswisi kwa Kijerumani mwaka 2009. Ukame umeshika nchi. Mti mmoja tu una matunda, nayo hayaanguki mpaka mti uitwe kwa jina lake, ambalo Kobe pekee ndiye alijuaye. Sungura anajitolea kwenda kuuliza. Anaambiwa yeye ni mdogo mno. Wakubwa wanakwenda, wanatajiwa jina, wanalisahau njiani. Hatimaye ni Sungura alifikishaye.

Niliwasomea kitabu hiki watoto wa majirani zangu hapa Lanet. Aliye mdogo kuliko wote aliikazia macho picha, kisha akauliza: "Anko, kwani kuuliza kunahitaji nguvu?" Kitabu hakikuwa kimemhubiria chochote. Wanyama wa Kilaka, wachorwao kwa mtindo wa Tingatinga, huvaa nguo kama watu; mtoto akiwatazama huwaona majirani zake.

Swali langu kwenu, wapenzi wa Kiswahili, ni hili: mbona tunapohakiki fasihi ya watoto tunachambua dhamira, wahusika na lugha, kisha tunaziruka picha kana kwamba ni pambo tu? Kwa mtoto wa miaka 4 asiyejua kusoma, picha ndiyo matini. Hapo ndipo anapojifunza nani yumo katika jamii na nani hayumo. Mwandishi anaweza kuandika kwamba watoto wote ni sawa. Mchoraji asipomchora mwenye mkongojo wala mwenye ualbino, kitabu kimejikana chenyewe. Na akichorwa, asichorwe wa kuonewa huruma pembeni, bali akicheza, akikosea na kushinda kama wenzake.

Wapo watakaosema kwamba vitabu vya picha ni anasa, kwani uchapishaji wa rangi ni ghali. Sikatai gharama hiyo. Hata hivyo, sisi wa Nakuru tunaijua gharama ya kubaguana. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilitufikia Januari 2008, jirani akamkimbia jirani. Aliyekuwa na miaka 5 wakati huo sasa ni mtu mzima. Huenda tumeketi naye darasani. Sidai kwamba kitabu kingezima moto ule. Ninachodai ni kwamba moyo wa kumkubali mwenzio hujengwa mapema, samaki angali mbichi.

Jambo moja lilinitia aibu. Nakala niliyoipata ilikuwa ya Kiingereza, hivyo nililazimika kuitafsiri papo hapo. Hadithi ya Tanzania ilizunguka Ulaya kabla ya kumfikia mtoto wa Lanet kwa Kiswahili, tena kwa kinywa cha msomaji tu!

Basi tuanzie nyumbani. Mwanafunzi anayetunga hadithi ya watoto na aketi na mwenzake wa sanaa tangu rasimu ya kwanza. Mhakiki na amtaje mchoraji sambamba na mwandishi. Nao wahadhiri wetu watukubalie tasnifu zinazosoma picha. Tukiendelea kumwona mchoraji kuwa mdogo mno kwa safari hii, tutarudi kama wale wakubwa: tumekwenda, tumeambiwa, tumesahau.