Gari Likichemka, Asibebeshwe Dereva Peke Yake



Barabara itokayo Bujumbura kwenda Bugarama, nchini Burundi, huanzia karibu na ufuko wa Ziwa Tanganyika na kupanda hadi zaidi ya mita 2,000. Mlima huu huchemsha magari. Gari likichemka, matajiri wengine humwambia dereva alilaze nyumbani kwake, alitengeneze usiku, na alfajiri liwe barabarani. Kazi hiyo haina malipo, tena ni ya hatari.

Yafaa ieleweke kwamba kifuniko cha rejeta hufungia maji ndani kwa shinikizo, hata yakapita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukikifungua, shinikizo hutoka ghafla, maji hugeuka mvuke na kukurukia usoni. Basi zima injini usubiri mpaka rejeta na mpira wake wa juu vipoe, hata kama ni nusu saa au zaidi. Ndipo ufunike kifuniko kwa kitambaa kinene, ukilegeze kidogo na kuacha mvuke uliobaki utoke. Usimimine maji baridi katika injini ya moto, maana silinda hedi yaweza kupasuka. Feni ya umeme huweza kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa. Fungua waya wa betri kwanza. Dawa ya rejeta ni sumu yenye utamu: usiiache katika beseni uani penye watoto.

Kisha tazama mkanda wa feni, mipira, pampu ya maji, na matope yaliyoziba rejeta. Ukikuta oili imekuwa kama chai ya maziwa, yaelekea gasketi ya hedi imeungua. Hiyo si kazi ya uani. Ni kazi ya mafundi, kama wale wa Buyenzi.

Sasa tuseme habari ya haki. Katika mita 2,000, maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Kwa hiyo kifuniko kilicholegea chatosha kuiponza injini mlimani. Tajiri anayekataa kununua kifuniko, kisha injini ikinoki akakata mshahara wa dereva, anamlipisha mwingine deni lake.

Tajiri atasema dereva aliiona mshale ukipanda akaendelea. Huenda ni kweli, na dereva wa namna hiyo ana kosa. Lakini fundi apime kwanza, ndipo lawama itolewe.

Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, wasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi, na humlinda yule anayejitoa penye hatari kubwa iliyo karibu. Juni 2022 usalama kazini uliwekwa miongoni mwa haki za msingi, ambazo nchi zote wanachama wa Shirika zapaswa kuziheshimu.

Kwa hiyo tudai mambo matatu katika kila mapatano: muda wa kungoja injini ipoe uhesabiwe kuwa kazi, spea zinunuliwe na mwenye gari, na matengenezo makubwa yafanyike gereji, mchana, kwa malipo.