Vumbi la Manda halisubiri nyutroni

Ukienda Lamu, picha ya kwanza unapiga kwenye zile kuta nene za Mji wa Kale. Hebu siku moja jiulize mawe ya kujengea huko yanatoka wapi. Vuka mkondo hadi Maweni, kisiwani Manda. Mwamba wa huko ni matumbawe ya kale, na watu wanaukata kwa mikono, juani, vumbi jeupe likiwajaa hadi kwenye kope.

Sasa kuna mbinu ya kupima madini yaliyokwama mapafuni bila kumpasua mtu. Unarushiwa nyutroni za kasi kifuani. Zikigonga silikoni, baadhi ya atomu zake zinageuka alumini-28, ambayo hupungua nusu kila baada ya dakika 2.24 hivi huku ikitoa miale ya gama. Kifaa kinahesabu miale hiyo. Mimi chuo niliachia njiani, lakini hii nimeielewa, na ni moto.

Ila kwa mkata mawe wa Manda haisaidii sana. Silikoni inatafutwa kwa sababu mwilini iko kidogo, na kwa sababu vumbi la silika ndilo linaloleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba. Jiwe la matumbawe kwa sehemu kubwa ni kalisi kaboneti. Kalisi si imejaa kwenye mbavu zako tayari? Utaitofautishaje na ya vumbi? Jamaa anaweza kuonekana msafi kwenye mashine hata kama anakohoa usiku kucha.

Ni kweli vumbi la chokaa si katili kama la silika. Lakini mwamba wa pwani unaweza kuwa na mchanga ndani yake, na huwezi kuujua kwa macho. Ndiyo maana mimi ningeanza na hewa: pampu ndogo kiunoni, kichujio karibu na pua, zamu nzima, halafu kichujio kipelekwe maabara. Hiyo inakwambia anachovuta leo, kabla hakijatulia kifuani.

Utasema jiwe lilowanishwe. Kwa maji gani? Manda hata ya kunywa ni shida.

Na usiniambie kuhusu sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Sawa, lakini anayelipwa kwa kila jiwe, mwajiri wake ni nani? Mwenye timbo? Dalali? Mwenye jahazi? Kaunti ianze kwa kujibu hilo. Na wewe unayejenga, ukiuliza bei ya jiwe, uliza pia kama barakoa ya vumbi imo ndani.