MCHEZA KWAO HUTUNZWA, MBONA HAWA HAWALIPWI?

Ndugu Wafanyakazi,

Mimi ni mtu wa reli hapa Changamwe. Gazeti hili ni letu sote, basi naomba nafasi kidogo niseme juu ya wafanyakazi ambao hatuwahesabu, yaani vijana wa bendi ndogo ndogo.

Wengi wetu husema kupiga gitaa si kazi, ni starehe. Hata mimi nilisema hivyo. Lakini likizo iliyopita ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye hupiga besi katika bendi moja ya Kisauni, aliniomba nifuatane nao niwasaidie kubeba vyombo. Nilikwenda wiki mbili, nikarudi na maneno mengine.

Siku ya safari ya Lunga Lunga tulipakia spika, ngoma na amplifaya saa nne asubuhi. Feri ya Likoni ilituweka juani saa nzima. Tulipofika hapakuwa na kupumzika: kushusha, kufunga nyaya, kujaribu sauti. Vijana walianza kupiga saa tatu usiku, wakamaliza saa tisa. Hizo ni saa sita za kazi, bila kuhesabu barabara.

Mapatano yalikuwa ya mdomo tu: nusu ya kiingilio ni ya bendi. Kiingilio kilikuwa shilingi 200. Mimi mwenyewe nilikaa mlangoni, nikahesabu watu 84. Hizo ni shilingi 16,800, na nusu yake ni 8,400. Mwenye baa akatoa 4,000. Alisema amekata fedha ya mlinzi, ya umeme, na ya soda tulizokunywa. Nayo gari tulilikodi kwa 4,500. Ndugu zangu, watu sita walifanya kazi usiku kucha, wakarudi makwao na deni la shilingi 500! Mpiga ngoma alilala juu ya spika tukingoja feri, na nyumbani mkewe alikuwa akingoja fedha ya unga.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka kibarua wa kutwa alipwe mwisho wa siku yake. Lakini mpiga gitaa akidai, huambiwa yeye si kibarua, ni msanii. Jina zuri, tumbo tupu.

Wala tusimlaumu mwenye baa peke yake. Nilipooa, bendi ilinipigia hata alfajiri. Nililipa nusu, nikasema nitamaliza mwisho wa mwezi. Nilimaliza mwezi wa tatu. Mimi huyu, ambaye mshahara ukichelewa siku mbili nasimama mlangoni kwa katibu wa tawi! Naona haya kuyaandika, lakini ni kweli.

Tena jambo hili lina dawa. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi cha Tanganyika, NUTA, kilikuwa na bendi yake, NUTA Jazz. Wapigaji walikuwa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi kama karani au dereva. Jina la chama likabadilika, na la bendi pia: Juwata, kisha OTTU, na leo Msondo Ngoma. Bendi imepita miaka 60.

Sisemi chama chetu kinunue magitaa. Nataka mambo matatu. Kwanza, mwanachama yeyote anayeita bendi, kwa harusi au sikukuu, aandike mapatano, atie sahihi, na atoe nauli kabla ya safari. Pili, fedha iliyobaki ilipwe usiku ule ule, kabla vyombo havijapakiwa. Tatu, matawi yetu ya Changamwe, Likoni na Kisauni yawafungulie vijana hawa mlango, wafundishwe kuandika mkataba na kudai haki.

Januari 1947, katika mgomo mkubwa wa Mombasa, vibarua wa bandarini na watu wa reli waliacha kazi pamoja. Kibarua wa kutwa hakuachwa nyuma kwa kuwa hana kazi ya kudumu. Tusimwache leo kwa kuwa anabeba gitaa badala ya gunia.

Umoja ni nguvu.

Wenu,
Mfanyakazi wa Reli, Changamwe