Anayelazimisha Kitanzi na Anayekizuia ni Ndugu wa Baba Mmoja

Imezuka miongoni mwa baadhi ya wasomi wetu, maofisini na katika vyumba vya walimu, hoja moja ambayo husemwa kwa sauti ya kizalendo, na hiyo ndiyo hatari yake. Hoja yenyewe ni kwamba kitanzi chenye homoni, yaani kile kidude kidogo cha plastiki kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi ili kuzuia mimba, ni hila ya mabeberu ya kutupunguza Waafrika. Anayeisema hujiona amelilinda Taifa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hajalinda kitu cho chote. Amefanya kazi ile ile aliyoifanya mkoloni, ila ameianzia upande wa pili.

Kwanza tuwatendee haki wenye hofu hiyo, kwani hawakuiokota hewani. Mwaka 1971 kampuni ya Marekani iitwayo A.H. Robins ilianza kuuza kitanzi kilichoitwa Dalkon Shield. Hicho hakikuwa na homoni. Uzi wake ulisokotwa kwa nyuzi nyingi, nazo zikafyonza vijidudu na kuvipandisha katika mfuko wa uzazi. Wanawake waliugua, wengine wakapoteza uwezo wa kuzaa, na wengine wakafa. Mwaka 1974 kampuni ikasimamisha mauzo nchini Marekani. Lakini kabla ya hapo shirika la misaada la serikali ya nchi hiyo lilikwisha kununua shehena yake kwa bei ya punguzo na kuisambaza katika nchi maskini, na vingi vya vitanzi hivyo vilifungashwa bila kutakaswa. Hayo si porojo. Ni historia.

Tena iko habari ya Greenland, nchi iliyotawaliwa na Denmark. Kati ya mwaka 1966 na 1970 wanawake na wasichana wapatao 4,500 wa huko waliwekewa vitanzi chini ya mpango wa wakubwa wa Kidenmark. Wengi hawakuulizwa, na baadhi walikuwa bado watoto wa shule. Iliwachukua watawala hao zaidi ya nusu karne kukiri, na serikali ya Denmark ilikuja kuomba radhi mwaka 2025. Nako India, wakati wa hali ya hatari ya 1975 hadi 1977, maelfu kwa maelfu ya wanaume maskini walifungwa uzazi kwa kushurutishwa.

Ndugu msomaji, ni fundisho gani tunalolipata katika mambo hayo? Mtu mvivu wa fikra atasema: kitanzi ni kibaya. Lakini kosa la Greenland lilikuwa kwamba mwenye mwili hakuulizwa. Kosa la Dalkon Shield lilikuwa kwamba faida ya kampuni ilitangulizwa mbele ya uhai wa watu, na mwanamke wa nchi maskini akahesabiwa kuwa jalala la bidhaa mbovu. Katika mikasa yote hiyo uamuzi ulichukuliwa na mtu mwingine, aliyekaa mbali, ambaye tumbo si lake.

Sasa tumtazame mzalendo wetu wa chumba cha walimu. Yeye naye anataka nini? Anataka mwanamke asitumie kitanzi kwa sababu yeye, ambaye tumbo si lake, ameamua hivyo. Mdenmark alisema, "Utawekewa utake usitake." Huyu anasema, "Hutawekewa utake usitake." Maneno yanapingana, bali ubwana ni ule ule. Anayelazimisha na anayezuia ni ndugu wa baba mmoja.

KIDUDE CHENYEWE

Kwa kuwa wengi wanaokilaani hawakijui, hapana budi tueleze. Kitanzi hiki kina umbo la herufi T, na urefu wake ni milimita 32. Katika shina lake mna miligramu 52 za homoni iitwayo levonojestreli, ambayo hutoka kidogo kidogo, mwanzoni kiasi cha maikrogramu 20 kwa siku. Homoni hiyo huufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito hata mbegu za mwanamume zishindwe kupita. Pia huifanya ngozi ya ndani ya mfuko wa uzazi kuwa nyembamba. Katika wanawake 1,000 wanaokitumia kwa mwaka mmoja, wanaopata mimba ni wawili hivi. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kitumike kwa muda wa miaka 8. Kikitolewa, uwezo wa kuzaa hurudi. Uzi wake ni mmoja mmoja, haukusokotwa kama ule wa Dalkon Shield.

Wapo wanaodai kwamba hupanda hadi moyoni. Huo ni uzushi mtupu. Hatari iliyopo kweli ni kwamba wakati wa kukiweka kinaweza kuutoboa mfuko wa uzazi, jambo ambalo hutokea kwa mwanamke mmoja hivi katika 1,000, na ndiyo sababu kazi hiyo ifanywe na mkono uliofunzwa. Kadhalika kinaweza kutoka chenyewe. Katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo damu huweza kutoka bila mpango. Wengine huumwa na kichwa au matiti. Mwenye saratani ya matiti hapaswi kuwekewa, wala mwenye maambukizo ya viungo vya uzazi ambayo hayajatibiwa. Wala hakimkingi mtu na UKIMWI. Kwa hilo kondomu haina mbadala wake hapa. Mambo haya mwanamke aambiwe yote kabla hajaamua, kwani ridhaa ya mtu asiyejua si ridhaa.

Lakini kuna jambo ambalo wasemaji wetu hawalitaji kamwe, nalo ndilo zito kuliko yote. Kitanzi hiki hupunguza sana damu ya hedhi. Baada ya mwaka mmoja, karibu mwanamke mmoja katika watano hapati hedhi kabisa, na si kwamba damu imeganda tumboni kama wanavyotishana watu; ngozi ya ndani imekuwa nyembamba, basi hakuna cha kumwagika. Kwa sababu hiyo madaktari hukitumia pia kuwatibu wanawake wanaotokwa na damu nyingi kupita kiasi. Utafiti wa Taifa wa Afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Hebu mfikirie mwalimu ambaye kila mwezi hulazimika kukaa nyumbani siku tatu kwa kutokwa na damu, au mkulima anayeshika jembe huku macho yakiona kiza. Mbele ya watu hao, mzaha wa ofisini kuhusu kitanzi si mzaha tena.

UBEBERU HALISI NI WA BEI

Kama tunautafuta ubeberu, tusiutafute katika plastiki. Tuutafute katika bei.

Kitanzi hiki hakikubuniwa na tajiri mmoja aliyekesha akihangaikia faida yake. Kilitokana na miaka mingi ya utafiti wa Population Council, taasisi isiyo ya biashara yenye makao yake New York, ikishirikiana na wataalamu wa Finland, akiwamo Profesa Tapani Luukkainen. Kampuni ya Leiras ya mji wa Turku ikakitengeneza, na wanawake wa Finland wakaanza kukipata mwaka 1990. Baadaye Leiras ikamezwa na kampuni ya Kijerumani ya Schering, na mwaka 2006 Schering nayo ikamezwa na Bayer. Samaki mdogo akaliwa na mkubwa, na mkubwa akaliwa na nyangumi. Tunda la utafiti lililokusudiwa kuwafaa wanawake wa dunia likawa bidhaa iliyouzwa Marekani kwa mamia ya dola.

Je, bei hiyo ilikuwa sheria ya maumbile? La hasha! Mwaka 2015 taasisi nyingine isiyo ya biashara, Medicines360, ilipata idhini ya kutoa kitanzi chenye miligramu 52 zile zile za homoni ile ile, na ikaziuzia zahanati za umma za Marekani kwa dola 50. Hapo ukweli ukajianika juani: sehemu kubwa ya bei ile haikuwa gharama ya plastiki wala ya dawa. Ilikuwa gharama ya tamaa.

Na matokeo yake kwetu? Kwa miaka mingi mwanamke wa nchi tajiri alichagua kati ya kitanzi cha shaba na kile cha homoni. Mwanamke wa nchi maskini, alipopata kitanzi, alipewa cha shaba. Cha shaba ni kizuri, ni salama, na hudumu miaka mingi, hatukibezi. Lakini kina kasoro moja: huweza kuongeza damu ya hedhi. Basi tazama kinyume hiki cha haki: mwanamke mwenye damu haba akaachiwa kitanzi kinachoweza kumwongezea kutokwa na damu, na mwenye shibe akawekewa kile kinachopunguza. Shirika la Afya Duniani lilikiingiza kitanzi cha homoni katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2015, robo karne baada ya wanawake wa Finland kuanza kukitumia. Mzalendo anayetaka kupiga kelele, apige kelele hapo. Aulize kwa nini tulicheleweshwa, asiwaombe wanawake wetu waendelee kucheleweshwa.

UMANGIMEZA WETU

Hata hivyo tusimtupie mgeni lawama zote. Yapo yaliyo yetu.

Lipo la mtumishi wa zahanati anayemwambia mwanamke mzima, "Nenda kamlete mumeo kwanza." Ni vema mume na mke washauriane, nyumba isiyo na mashauriano ni nyumba ya vita. Lakini kushauriana ni jambo moja, na hati ya ruhusa ni jambo jingine. Mwanamume akienda kung'olewa jino haambiwi amlete mkewe.

Lipo la pili, baya zaidi, ambalo watetezi wa uzazi wa mpango wenyewe hulifumbia macho. Mwanamke anarudi na kusema, "Kitoeni." Anaambiwa, "Vumilia." Anaambiwa kifaa ni cha ghali, au kwamba muda wake haujaisha. Huyo mtumishi anaweza kuwa na nia njema na takwimu nzuri za kupeleka wilayani, lakini ajue kwamba saa hiyo amevaa kofia ya yule daktari wa Greenland. Kitanzi kisichotolewa mwenyewe anapotaka kitolewe kimekuwa kitanzi kweli kweli, cha kunasia mtu.

Na lipo la tatu, ambalo ni letu sisi tuliosoma. Mwanakijiji akiamini kwamba kitanzi hupanda moyoni, ana udhuru: hakufundishwa. Mwalimu au karani anayelirudia neno hilo, huku anaweza kusoma na kuuliza, hana udhuru. Tena mara nyingi mke wa msemaji huyo huyo amepangiwa uzazi wake kimya kimya katika hospitali ya kulipia. Anachomruhusu nyumbani kwake anakikataza hadharani kwa wengine.

Mwaka 1969, akieleza Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alikumbusha kwamba kuzaa ni jambo ambalo mwanadamu na mnyama wako sawa, na kwamba kinachomtofautisha mwanadamu ni kulea na kusomesha. UMATI ilikuwa imekwisha anza kazi ya uzazi wa mpango tangu 1959, kabla ya Uhuru. Kwa hiyo asitokee mtu akatuambia kwamba fikra ya kupanga uzazi ililetwa juzi na wafadhili.

LA KUFANYA

Madai yetu si mengi. Kitanzi chenye homoni kinunuliwe kwa fedha za umma kama dawa nyingine yo yote ya lazima, tusikisubiri kama zawadi, kwani zawadi hukoma mtoaji akinuna. Wauguzi na wakunga wafundishwe kukiweka, na wafundishwe kwa bidii ile ile kukitoa. Mwanamke aelezwe faida na madhara yote, kisha achague: hiki, cha shaba, vidonge, sindano, vipandikizi, au asichague cho chote. Mwenye imani inayomkataza asitumie, na asiulizwe kwa nini. Anayetaka kuzaa watoto wanane azae, naye huduma za mama na mtoto zimngojee. Na kitanzi kitolewe siku mwenyewe anapotaka, bila maswali ya kipolisi.

Ndugu watumishi wa umma na ndugu walimu, ninyi ndio mnaoandika makisio ya fedha, na ninyi ndio mnaoaminiwa mnaposema neno mbele ya darasa au kwenye mkutano wa kijiji. Neno lenu moja la dhihaka linaweza kumfukuza mwanamke kwenye mlango wa zahanati, naye asirudi tena. Miezi tisa baadaye anaweza kulipia neno hilo kwa uhai wake, ilhali msemaji amekwisha lisahau.

Ukombozi ambao nusu ya Taifa haina kauli juu ya mwili wake ni ukombozi nusu. Tuliwakataa waliotaka kutuamulia kutoka ng'ambo. Hatuwezi sasa kukaa kwenye viti walivyoviacha na kuwaamulia mama zetu, dada zetu na wake zetu.