Kocha anatimuliwa na kitita chake, bili anabaki nayo shabiki

KWENYE mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu, kocha kupoteza kibarua si msiba. Wakati mwingine ndiyo siku anayopiga pesa ndefu kuliko siku aliyosaini mkataba.

Msimu wa 2025 ulikuwa wa fagio. Septemba, Oklahoma State ilimtimua Mike Gundy. Oktoba zikafuata Penn State kwa James Franklin, Florida kwa Billy Napier na LSU kwa Brian Kelly. Novemba ilipoingia tu, Auburn ikamtupia virago Hugh Freeze.

Ukijumlisha fidia za mikataba ya makocha hao watano pekee, kwenye makaratasi hesabu inazidi dola milioni 150. Hizo ni pesa za watu wasiotakiwa tena kukanyaga uwanja wa mazoezi.

Kwa asiyefuatilia, huu si mpira wa miguu. Ni ule wa umbo la yai, wa kubeba mikononi na kugongana, na unachezwa na wanafunzi. Lakini usidanganyike na neno wanafunzi. Kyle Field, uwanja wa Texas A&M, unaingiza watu zaidi ya 102,000, na katika majimbo mengi ya Marekani mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote si gavana wala rekta wa chuo. Ni kocha wa mpira huu au wa kikapu.

Ndiyo maana mjadala unaotikisa mashabiki huko si wa nani aje kufundisha tu, bali nani anabeba bili ya yule anayeondoka.

FISHER NDIYE ALIYEFUNGUA MLANGO

Rekodi ya fidia bado inashikiliwa na Jimbo Fisher. Desemba 2017, Texas A&M ilimchukua kutoka Florida State, alikotwaa ubingwa wa taifa msimu wa 2013, kwa mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 75. Zote zilikuwa za uhakika, ashinde asishinde.

Mwaka 2020 timu ikamaliza na ushindi wa mechi tisa na kipigo kimoja. Mabosi wakaingiwa na hofu kwamba ataibwa. Mwaka 2021 wakamwongezea mkataba hadi 2031, mshahara ukipanda hadi dola milioni 9 na zaidi kwa mwaka.

Miaka miwili baadaye wakamchoka. Novemba 2023 alifukuzwa akiwa na rekodi ya kushinda mechi 45 na kupoteza 25, na chuo kikajikuta kinadaiwa zaidi ya dola milioni 76. Alitakiwa kulipwa zaidi ya dola milioni 19 ndani ya siku 60, kisha zaidi ya milioni 7 kila mwaka hadi 2031.

Kibaya zaidi, mkataba haukuwa na kipengele cha kupunguza deni akipata kazi kwingine. Fisher anaweza kulipwa na mwajiri mpya na bado Texas A&M ikaendelea kumwekea mzigo wake kamili.

Mkurugenzi wa michezo aliyemleta Fisher mwaka 2017 alikuwa Scott Woodward. Mwaka 2019 Woodward akahamia LSU.

LSU: UBINGWA, FIDIA, FIDIA TENA

Pale LSU alimkuta kocha Ed Orgeron, ambaye Januari 2020 alibeba ubingwa wa taifa bila kupoteza mechi hata moja. Haikupita hata miaka miwili, Oktoba 2021 ikatangazwa kwamba ataondoka, na fidia yake ikawa karibu dola milioni 17.

Woodward akaenda Notre Dame kumng'oa Brian Kelly kwa mkataba wa miaka 10 wa takriban dola milioni 95. Kelly hakuwa kocha wa kubahatisha. Ndani ya LSU alishinda mechi 34 na kupoteza 14. Kwenye vyuo vingi angejengewa sanamu.

Lakini LSU si vyuo vingi. Makocha watatu waliomtangulia, Nick Saban, Les Miles na Orgeron, wote waliondoka na ubingwa wa taifa mfukoni. Oktoba 25, 2025 Kelly alichapwa 49-25 nyumbani na Texas A&M, ile ile iliyomfukuza Fisher. Kesho yake akaambiwa afungashe. Deni likiwa kama dola milioni 54, zaidi ya Sh120 bilioni.

Hapo siasa ikaingia uwanjani. Gavana wa Louisiana, Jeff Landry, alijitokeza hadharani kulalamikia mikataba ya namna hiyo na kusema Woodward hatachagua kocha anayefuata. Siku moja baadaye Woodward naye akaachia ngazi. Kelly akaenda mahakamani kudai chake, na chuo kikaishia kukubali kwamba alifukuzwa bila kosa la kimkataba, maana yake fidia iko palepale.

Baada ya kelele zote hizo, unadhani LSU ilitafuta kocha wa bei ya chini? Ilimchukua Lane Kiffin kutoka Ole Miss kwa mkataba wa miaka saba, karibu dola milioni 13 kwa mwaka. Kiffin aliondoka Ole Miss wakati timu ikielekea kwenye mtoano wa ubingwa wa taifa, akawaachia wengine wamalizie.

KWA NINI MABOSI HAWAJIFUNZI?

Jibu la haraka la mashabiki ni kwamba mabosi wanachezea pesa zisizo zao. Lina ukweli, lakini halimalizi hadithi.

Kwanza kuna mawakala. Jimmy Sexton, ambaye amesimamia Saban, Fisher, Kiffin na Kirby Smart wa Georgia, anaweza kuwa na mteja kwenye chuo kinachotafuta kocha na mteja mwingine anayetajwa kuchukua nafasi hiyo. Kila kiti kikiwa wazi, jina la kocha anayefanya vizuri linaanza kuvuma. Chuo chake kinashtuka na kutoa kalamu.

Angalia Indiana. Penn State ilimfukuza Franklin Oktoba 12. Oktoba 16, Indiana ikatangaza mkataba mpya wa kocha wake Curt Cignetti, wa miaka minane na thamani ya karibu dola milioni 93. Kama ilikuwa bahati tu kwamba siku zilikaribiana hivyo, basi ni bahati yenye akili sana.

Pili ni kalenda. Wachezaji wapya wa sekondari wanasaini Desemba mwanzoni, na dirisha la uhamisho la vyuo linafuata Januari. Chuo kisicho na kocha Desemba kinapoteza kizazi kizima cha wachezaji. Mkurugenzi anaingia kwenye mazungumzo saa zikimkimbiza, na anayekimbizwa na saa hapati bei nzuri.

Tatu ni shabiki mwenyewe. Septemba 2025, Penn State ikiwa inashika nafasi ya tatu kwenye viwango, ilifungwa na Oregon na uwanja wa nyumbani ukaimba Franklin atimuliwe. Miezi michache nyuma alikuwa ameifikisha timu nusu fainali ya taifa. Vipigo viwili zaidi, kutoka UCLA na Northwestern, vikamaliza kazi. Karibu dola milioni 49 zikawekwa mezani kwa sauti ya jukwaani.

PESA HIZI ZINATOKA WAPI?

Utetezi wa vyuo ni ule ule kila mara. Fidia hailipwi na kodi ya wananchi, inalipwa na idara ya michezo na wahisani. Vyuo vikubwa kweli vina mifuko minono. Kundi la Big Ten lilisaini haki za televisheni za miaka saba zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7 kuanzia 2023, na mtoano wa taifa una dili la ESPN la dola bilioni 7.8 kwa miaka sita kuanzia 2026.

Wahisani nao wapo kweli. Kuna matajiri wa mafuta Texas ambao kwao kumlipa kocha aondoke ni kama kubadilisha gari.

Shida ni kwamba pesa haina jina mgongoni. Dola ya mhisani iliyokwenda kwa kocha aliyefukuzwa ni dola ambayo haikwenda kwa kitu kingine. Na pengo likitokea, mtu wa kwanza kuombwa aliweke sawa ni mnunuzi wa tiketi. Tennessee ilishaweka wazi kwa msimu wa 2025: asilimia 10 ya nyongeza kwenye tiketi za msimu, ikiitwa ada ya vipaji, kwa ajili ya kulipa wachezaji.

Hapo ndipo mchezo ulipobadilika. Juni 2025 jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi ya House dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Mbali na fidia ya dola bilioni 2.8 kwa wachezaji wa zamani, vyuo viliruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja kuanzia Julai 1, 2025, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka kwa kila chuo, kwa michezo yote.

Sasa weka hesabu mbili pamoja. Deni la Kelly peke yake linatosha kulipa wachezaji wote wa LSU kwa kiwango cha juu kabisa kwa zaidi ya miaka miwili na nusu. Zamani kocha alikuwa anagawana keki na majengo. Leo anagawana na vijana wanaopigwa vikumbo uwanjani.

WAKIMBIAJI WETU WAMO KWENYE BILI HII

Ukanda huu usidhani ni ugomvi wa Wamarekani tu. Kwenye vyuo vingi vikubwa, mpira huu ndio unaolisha riadha, kuogelea, tenisi na michezo mingine isiyojaza viwanja. Na riadha ya vyuo vya Marekani imelea majina ya Afrika Mashariki kwa nusu karne.

Suleiman Nyambui, Mtanzania aliyeleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980, alisoma na kukimbilia chuo cha Texas, El Paso. Henry Rono wa Kenya alivunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 akiwa Washington State. Edward Cheserek aliondoka Oregon na mataji 17 ya vyuo. Hivi karibuni Mkenya Doris Lemngole amekuwa akitwaa ubingwa wa vyuo akiwa na jezi ya Alabama.

Nafasi za namna hiyo zinalipiwa na idara ile ile inayomlipa kocha aliyefukuzwa. Makubaliano ya House yameleta pia ukomo wa idadi ya wachezaji kwa kila mchezo, na vyuo vingi vimeanza kupanga upya nani abaki na nani apunguzwe. Bajeti ikibana, hakuna mkurugenzi atakayegusa mpira unaojaza watu 100,000. Atatazama kwanza orodha ya wakimbiaji.

BEI KUBWA SI DAWA

Jambo linalowauma mashabiki zaidi ni kwamba pesa hizi hazinunui ubingwa. Auburn, tangu Desemba 2020, imewafukuza Gus Malzahn, Bryan Harsin na Freeze kwa fidia zinazofika kama dola milioni 50, na bado inatafuta njia. North Carolina ilimpa Bill Belichick, mwenye pete sita za ubingwa wa NFL kama kocha mkuu, dola milioni 10 kwa mwaka. Msimu wake wa kwanza aliambulia ushindi wa mechi nne na vipigo vinane.

Indiana, timu iliyokuwa kichekesho kwa miongo, ilimchukua Cignetti mwaka 2023 kutoka James Madison kwa mshahara wa dola milioni 4 na ushee. Hakuwa jina la kuuza magazeti. Januari 2026 alimaliza msimu kwa ushindi wa mechi 16 bila kipigo na ubingwa wa taifa, akiifunga Miami 27-21 kwenye fainali.

Texas A&M nayo, baada ya kuungua na Fisher, ilimleta Mike Elko kutoka Duke kwa dola milioni 7 kwa mwaka. Msimu wa 2025 aliifikisha kwenye mtoano wa taifa kwa mara ya kwanza. Tayari naye amepewa mkataba mnono zaidi, na hapo ndipo mduara unapoanza upya.

Dawa ipo, na Penn State imeionja. Mkataba wa Franklin ulimtaka atafute kazi, na kipato kipya kikate deni. Alipopata kibarua Virginia Tech mwezi uliofuata, pande mbili zikamalizana kwa dola milioni 9 badala ya 49. Kipengele kimoja tu kiliokoa dola milioni 40, wakati kukosekana kwake kutaifanya Texas A&M iendelee kumlipa Fisher hadi 2031.

Shabiki ana haki ya kuimba kocha aondoke, maana tiketi kainunua. Lakini wimbo wenye faida kwake ungeanza mapema zaidi, siku kocha anaposhinda mechi tisa na mabosi wakachukua kalamu kwa pupa. Siku hiyo ndiyo bili inapoandikwa, na siku hiyo uwanja mzima huwa unashangilia.