Hedifoni au Spika? Muulize Kwanza wa Kitanda cha Juu

Bumu la semesta hii lilipoingia, mjadala wa bloku yetu haukuwa msosi wala viatu. Ulikuwa huu: mtu akitaka kusikiliza sabliminali usiku, anunue hedifoni au spika? Wameniuliza watu watatu ndani ya wiki moja, maana mwaka jana nilijipa utaalamu wa hayo mambo. Naandika jibu hapa mara moja ili nisiulizwe tena nikiwa na ndoo ya maji mkononi.

Kwa ambaye hajakutana nazo, sabliminali ni rekodi ya muziki laini au sauti ya mvua, ambayo chini yake yamefichwa maneno kama "nafaulu, nakumbuka kila ninachosoma", kwa sauti ndogo kiasi kwamba sikio haliyatambui. Wanaozitengeneza wanasema akili inayapokea hivyo hivyo, hata ukiwa umelala.

Mwaka wa pili somo la Upimaji na Tathmini lilinielemea. Badala ya kupiga msuli, wiki sita kabla ya UE nikaanza kulala na eafoni masikioni, mvua inanyesha hadi alfajiri. Asubuhi masikio yanauma, waya umenizunguka shingoni, na mara mbili sikusikia alamu nikakosa semina. Nikajiambia kosa ni la kifaa. Nikanunua spika ndogo ya Bluetooth.

Hapo ndipo nilipomwingiza mwenzangu wa kitanda cha juu kwenye jambo ambalo hakuliomba. Anasoma uhandisi wa mawasiliano, na ana maabara asubuhi na mapema. Alivumilia siku tisa. Usiku wa kumi akashuka, akakaa ukingoni mwa kitanda changu, akasema kwa upole ulioniuma kuliko matusi: "Mwalimu, hiyo mvua yako inaninyeshea mimi." Nikajitetea kwamba ujumbe ule una faida hata kwake. Akauliza ni ujumbe gani. Sikuwa na jibu. Sijawahi kuusikia.

Tukawasha taa, akanieleza jambo ambalo hakuna video iliyowahi kunieleza. Faili la MP3, na sauti zinazotufikia kupitia YouTube, hubanwa ili zisimalize bando. Programu ya kubana inafuata udhaifu wa sikio letu: sauti ndogo iliyofunikwa na kubwa iliyo jirani yake inahesabiwa kuwa haisikiki, basi inapunguziwa nafasi au inatupwa. Sasa sabliminali ni nini kama si sauti ndogo iliyofunikwa na kubwa? Yale maneno niliyokuwa nayalalia ndiyo ya kwanza kutolewa kafara. Ukirusha kwa Bluetooth, sauti inabanwa mara ya pili. Tulikuwa tunabishania bahasha, na barua huenda haimo.

Nikamuuliza, mbona basi wengi wanasisitiza lazima hedifoni? Sharti hilo ni la jamii nyingine ya rekodi, zile za toni mbili. Sikio la kushoto linapewa toni ya hezi 200, la kulia hezi 210, na ubongo unahisi mdundo wa hezi 10. Hizo kweli zinataka hedifoni, kwa sababu kila sikio lipate toni yake peke yake. Kwenye spika zinachanganyika hewani kabla hazijakufikia. Watu wamelichukua sharti hilo wakalibandika kwenye sabliminali.

Haya, tuseme maneno yamefika salama. Je, yanafanya kazi? Mwaka 1957 mtu wa matangazo huko Marekani, James Vicary, alidai kwamba maneno yaliyopita kwenye skrini ya sinema haraka kuliko jicho linavyoweza kusoma yaliongeza mauzo ya bisi na Coca-Cola. Dunia ikashtuka. Mwaka 1962 yeye mwenyewe akakiri kuwa data zake zilikuwa kidogo mno kuwa na maana. Lakini kilichonimaliza mimi ni utafiti wa mwaka 1991 wa Anthony Greenwald na wenzake. Waliwapa watu kanda za sabliminali, nyingine za kuongeza kumbukumbu, nyingine za kujiamini, na baadhi wakabadilishiwa lebo bila kujua. Baada ya mwezi, hakuna kanda iliyotimiza ilichoahidi. Hata hivyo zaidi ya theluthi moja ya washiriki waliamini wameboreka, tena katika kile kilichoandikwa kwenye lebo, si kilichokuwa ndani. Kwa hiyo ukiniambia "lakini kwangu imefanya kazi", nakuamini kwamba unahisi hivyo. Nami nilihisi hivyo hivyo, hadi matokeo yalipobandikwa. Sapu. Na somo lenyewe ndilo linalofundisha namna ya kupima kitu bila kujidanganya!

Ningeliweka hili moyoni kama siri yangu, kama si mazoezi ya kufundisha. Kijana mmoja wa kidato cha pili alinifuata baada ya kipindi: "Mwalimu, shikamoo. Eti za masikioni na spika, ipi inafaulisha zaidi ukilala?" Alikuwa amejiwekea akiba ya shilingi 5,000 na alitaka kuzipeleka stendi siku hiyo hiyo. Mdomo wangu ulishafunguka kutaja aina ya eafoni. Nikaona aibu. Nikamwambia ukweli: nimetumia zote mbili, nikashika sapu. Akacheka, kisha akauliza nilivyoifaulu hiyo sapu.

Niliifaulu kwa simu ile ile. Nilirekodi sauti yangu nikijiuliza maswali ya desa, naacha kimya cha sekunde kumi, halafu nasoma jibu. Mchana, macho wazi, nikitembea kwenda kantini. Kwa kazi hiyo sikio moja na eafoni ya bei yoyote vinatosha, na lile jingine linasikia bodaboda.

Kama unapenda tu mvua ikubembeleze, sina ugomvi. Ila piga hesabu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80, na kila ukiongeza desibeli 3, muda huo unakatika nusu. Ukilala saa saba kila usiku na eafoni, ni saa 49. Mvua ya chinichini haifiki huko, lakini hosteli zetu tunazijua: wa rumu ya pili akiwasha singeli, nawe unapandisha. Eafoni zile za kuziba pia zitakunyima alamu, na siku mtu akigonga mlango kwa shida ya kweli hutamsikia. Spika basi, kwa sauti ya chini, na ijizime yenyewe baada ya nusu saa. Hapo inabaki ruhusa ya wanaolala humo ndani, na ruhusa haimaanishi kwamba wamekaa kimya. Yule wangu alikaa kimya siku tisa.

Spika yangu bado ipo, betri nzima. Anayeitaka aje rumu tuongee bei, ila aje na mwenzake wa kitanda cha juu.